Namna ya Kufuatilia Asili ya Kitenzi cha Kiingereza: Mfano wa “starve”

Wafasiri wengi hukitafsiri kitenzi “starve” kuwa “kufa njaa” bila kusita, na kwa maandishi ya leo tafsiri hiyo mara nyingi inatosha. Katika maandishi ya karne ya 14 itakupotosha, na kwa sababu hiyo mimi huwafundisha wafasiri wanaoanza kazi kuzifuata hatua hizi kila wanapokutana na kitenzi katika matini ya zamani.

Hatua ya 1. Andika maana ya leo kwa Kiswahili na uitazame vizuri. Sisi tunasema kifo kwa neno moja na njaa kwa neno jingine, ilhali Kiingereza kimeyatia yote mawili ndani ya kitenzi kimoja.

Hatua ya 2. Watafute ndugu zake, yaani maneno ya lugha nyingine yenye asili moja na kitenzi hicho. Kijerumani kina “sterben” na Kiholanzi kina “sterven”, na vyote viwili maana yake ni kufa tu, kwa sababu yoyote ile. Ndugu wawili wakikubaliana hivyo, mshuku yule wa tatu kuwa ndiye aliyebadilika.

Hatua ya 3. Fungua kamusi ya kihistoria, yaani ile inayopanga maana kwa kufuata wakati zilipoanza kutumika. Utakuta kwamba katika Kiingereza cha Kale kitenzi hiki kilikuwa “steorfan”, kufa, na kwamba Chaucer, mshairi wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1400, alitumia umbo la wakati uliopita, “starf”, kueleza kifo cha Kristo. Mfasiri atakayetia njaa hapo atakuwa ameharibu maana nzima.

Hatua ya 4. Uliza kilichoisogeza maana. Hapa usiharakishe. Kitenzi “die”, ambacho wataalamu wengi hukihusisha na lugha ya Waskandinavia waliohamia Uingereza kuanzia karne ya 9, kilienea na kuchukua kazi ya kutaja kufa kwa jumla, na “starve” kikaachiwa vifo vya namna maalumu, hasa vya njaa na vya baridi. Maana ya baridi imeendelea kuishi katika lahaja za kaskazini mwa Uingereza, ambako mtu aliyeshiba kabisa anaweza kusema “I'm starved” kwa kuwa anatetemeka.

Hatua ya 5. Rudi kwenye sentensi yako na uweke “kufa” peke yake. Waandishi wa kale walipokusudia njaa, mara nyingi waliitaja wenyewe kando ya kitenzi, kama tufanyavyo sisi; wasipoitaja, na muktadha usipoidai, usiiongeze.