Namna ya Kuandika Kifungu cha Bonasi ya Kiongozi Inayotokana na Faida ya Kampuni

Mkataba wa ajira wa mkurugenzi mtendaji ukisema tu kwamba atalipwa "asilimia 2 ya faida ya kampuni", pande zote mbili zimejiwekea ugomvi wa mwisho wa mwaka. Katika taarifa ya mapato kuna faida ghafi, faida ya uendeshaji, faida kabla ya kodi na faida baada ya kodi, na kutoka mstari mmoja hadi mwingine pengo laweza kuwa la mamilioni ya shilingi. Kazi ya kwanza ya mwandishi wa mkataba, ambayo kwa maoni yangu inastahili nusu ya muda wake wote, ni kuchagua mstari mmoja na kueleza kinachohesabiwa ndani yake na kisichohesabiwa.

Tuseme kampuni ya Dar es Salaam imepata faida ya shilingi bilioni 2 kabla ya kodi, na kati ya hizo milioni 600 zimetokana na kuuza kiwanja. Asilimia 2 ya faida yote ni milioni 40. Kiwanja kikiondolewa, ni milioni 28. Mkurugenzi atadai kwamba ndiye aliyemtafuta mnunuzi, nao wenye hisa watajibu kwamba kiwanja kilikuwa mali yao kabla hajaajiriwa. Naona ni haki mapato ya mara moja ya namna hiyo yaondolewe, ilimradi hasara za mara moja nazo ziondolewe. Iandikwe pia kama faida inapimwa kabla au baada ya kutoa bonasi yenyewe, kwani kwa mfano fungu la bonasi za viongozi wote likiwa asilimia 10 ya faida ya bilioni 2, hesabu ya kwanza inatoa milioni 200 na ya pili takriban milioni 182.

Kifungu chaweza kusomeka hivi: "Mwajiri atamlipa Mwajiriwa bonasi ya asilimia 2 ya faida kabla ya kodi na kabla ya kutoa bonasi hii, kama ilivyo katika hesabu zilizokaguliwa za mwaka wa fedha husika, bila kujumuisha faida au hasara ya kuuza mali za kudumu, malipo yatafanyika ndani ya siku 30 tangu bodi iidhinishe hesabu hizo." Kutaja hesabu zilizokaguliwa ni lazima, kwa sababu anayesimamia uandaaji wa hesabu hapaswi kuwa mpimaji wa malipo yake mwenyewe.

Maneno "kwa hiari ya bodi" yakiongezwa, ahadi hudhoofika sana, hivyo mwajiriwa aombe sababu za kumnyima zitajwe. Pawepo pia kiwango cha chini cha faida ambacho chini yake bonasi hailipwi, ukomo wa bonasi, na hesabu ya miezi aliyofanya kazi kwa anayeondoka kabla mwaka haujaisha. Kiasi kitajwe kuwa ni kabla ya kodi, kwani Tanzania Bara bonasi ni mapato ya ajira na mwajiri huikata PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kabla mwajiriwa hajalipwa, ambayo kiwango chake cha juu ni asilimia 30.

La mwisho ni urejeshaji. Nchini Marekani, tangu 2023, kampuni zilizoorodheshwa kwenye masoko ya hisa zinatakiwa kuwa na sera ya kudai bonasi ya ziada iliyolipwa katika miaka 3 iliyotangulia pale hesabu zinaposahihishwa, na kiasi kinachodaiwa hakipunguzwi kwa sababu ya kodi iliyokwisha kulipwa. Anayeweka sharti kama hilo katika mkataba wa hapa aandike muda wake, na aseme wazi kama kitakachorudishwa ni kiasi kizima au kile tu kilichomfikia mwajiriwa mkononi.