Kabla ya kusajili chama

Mkianzisha chama cha kuweka akiba huko Kwale au Kilifi, pwani ya Kenya, msikimbilie kuandika majina. Kwanza kila mmoja ajiulize: mimi napita wapi bila kuulizwa? Mwenye kitambulisho husajili laini na M-Pesa, akasahau. Jirani zake Wamakonde, wenye asili ya Msumbiji, wengi hawakukipata hadi serikali ilipowatambua rasmi mwaka 2017, na Wapemba, wenye asili ya kisiwa cha Pemba, wakangoja hadi 2023. Na wengi wao wamezaliwa hapa hapa, jamani!

Basi usimuulize mtu "kwenu wapi?" mbele ya kikao. Mvute kando, uliza kama karatasi zake ziko sawa. Wenye vitambulisho wasaini fomu, ila uweka hazina usiwe kazi yao tu. Mikutano nayo msiipange saa ambazo wavuvi wako baharini.