Kabla hujaandika "each", angalia haya

"Wape watoto maandazi mawili" na "wape watoto maandazi mawili mawili" ni maagizo mawili tofauti. Kwenye nyumba yenye watoto watano, la kwanza linaleta ugomvi, la pili linahitaji maandazi kumi. Kule kurudia namba ndiko kunakofanya kazi ya "each" ya Kiingereza, na naona kunaikaribia kuliko hata neno "kila" ambalo wengi wetu tulifundishwa darasani. Kwa hiyo kabla hujaliandika, isemee sentensi yako kwa Kiswahili kwanza. Ikidai mmoja mmoja, viwili viwili au mia tano mia tano, basi "each" ni lazima, na ukiliacha umebadilisha maana.

Niliwahi kuombwa nipitie mkataba wa fremu ya duka yenye wapangaji wawili. Kwa mdomo walikubaliana laki mbili mbili kwa mwezi. Karatasi ya Kiingereza ikasema "the tenants shall pay 200,000 shillings". Ukiisoma hivyo, wapangaji wana haki ya kuchangishana laki moja moja, wakati mwenye nyumba anasubiri laki nne. Tuliongeza neno moja, "shall each pay", ndipo wakasaini. Sijui kwa nini watu husoma mikataba kwa haraka hivi. Pesa zenyewe zimelala kwenye neno la herufi nne. Dukani tuna njia fupi zaidi: ukiona kwenye risiti sabuni 12 @ 1,500, ile @ inakuambia bei ni ya kipande kimoja, na jumla ni 18,000.

Ukishajua unalihitaji, tazama linakaa wapi. Likitangulia nomino, nomino na kitenzi vyote ni vya umoja: "each student has". Hapa Kiswahili kinatubeba, maana nasi hatusemi "kila wanafunzi wana". Mtego uko kwenye "each of the students". Jicho linaona "students", mkono unaandika "have". Katika mtihani na maandishi rasmi andika "has", kwa sababu mwenye sentensi ni "each", si "students". Lakini neno likija baada ya mtenda wa wingi, mambo yanageuka: "the students each have". Sasa kitenzi kinawafuata wanafunzi.

Halafu kuna "every". "Kila" yetu inayafunika maneno yote mawili, ndiyo maana tunayachanganya. Vitu vikiwa viwili tu, kama mikono au pande za barabara, tumia "each". "Every" huanzia vitatu. Ukihesabu vipindi vya muda vinavyojirudia, kama kila baada ya siku mbili, ni "every". Chukua boksi la paracetamol uliangalie: "each tablet contains 500 mg" inazungumzia kidonge kimoja kimoja, na "every 6 hours" inazungumzia mzunguko wa saa. Vidonge viwili kwa mara moja basi ni miligramu 1,000, na anayedhani 500 ni ya dozi nzima amekosea hesabu kwenye jambo la afya. Zaidi ya hapo, kumbuka husemi "every of them" bali "every one of them", na "karibu kila" ni "almost every", kamwe si "almost each".

La mwisho la kuangalia ni "each other", ambayo kwetu haina neno, ina kiambishi tu: -ana. "They each wrote a letter", kila mmoja aliandika barua yake, labda kwa mama, labda kwa benki. "They wrote to each other", waliandikiana.