Peleti za kuchomea nyama: zitunze kama unga, usizitunze kama mkaa

Mama yangu alipotoka Marigat, kwetu Baringo nchini Kenya, kuja kututembelea hapa Houston, siku ya pili tu alikuta ndoo zangu sita zimepangwa ukutani kwenye gereji. Akafungua mfuniko mmoja, akachota kiganja, akanusa.

"Mwanangu," akasema, "na hao kuku umewaficha wapi?"

Simlaumu. Peleti za jiko la nyama zinafanana kabisa na chakula cha mifugo: vijiti vya kahawia, unene wa milimita 6 hivi, vingine virefu kama nusu kidole, vingine vifupi kama punje ya hindi. Tena mama alikuwa karibu na ukweli kuliko nilivyokuwa mimi nilipolinunua jiko hili. Yeye alidhani ni chakula. Mimi nilizichukulia kama mkaa, na kosa hilo lilinivunjia heshima mbele ya wageni.

Sisi tuliokulia kando ya magunia ya mkaa tuna mazoea yetu. Gunia likinyeshewa, unamwaga mkaa juani, unaugeuza geuza, na jioni unawaka. Peleti ni vumbi la mbao lililosagwa, likakaushwa, kisha likashindiliwa kwa nguvu kupitia matundu ya bamba la chuma. Joto la kushindiliwa linalainisha lignini, ambayo ni gundi iliyomo ndani ya mti wenyewe, na ikipoa inakamata. Basi, hakuna kingine kinachoishikilia. Ikipata maji inavimba na kurudi kuwa vumbi la mbao, na hata ukiianika wiki nzima haitakuwa peleti tena. Ndiyo maana nasema ifikirie kama unga wa ugali. Unga uliolowa hauanikwi ukapikwa.

Na jiko lenyewe halina huruma. Kando lina sanduku la kumwagia peleti. Chini ya sanduku kuna parafujo ndefu inayozunguka polepole na kuzisukuma hadi kwenye kikombe cha moto katikati ya jiko. Humo kuna ncha ya chuma inayopata moto kwa umeme, na feni inayopuliza, na kompyuta ndogo inayopima joto na kuiambia parafujo iende ama isimame. Aliyebuni jiko la namna hii ni Joe Traeger, wa Mt. Angel kule Oregon, miaka ya 1980. Ni kazi ya akili sana, lakini yote inategemea peleti ngumu na kavu. Parafujo haijui kusukuma uji.

Tuanze dukani. Kwenye maduka ya vifaa vya shamba huku Texas utakuta milima mitatu ya mifuko inayofanana. Kuna peleti za jiko la nyama, ambazo kwa kawaida huwa kwenye mfuko wa ratili 20, yaani kilo 9. Kuna za kupashia nyumba joto, mfuko wa ratili 40. Na kuna za kutandika chini ya farasi. Hizo mbili za mwisho ni rahisi ukipiga hesabu kwa kilo, na kila mwaka kuna ndugu anayenipigia simu kuniuliza kama zitafaa. Hazifai. Nyingi zina msonobari na miti mingine laini yenye utomvu, pengine na magamba ya mti, na aliyezitengeneza hakuwahi kuwaza kwamba moshi wake utagusa chakula. Utakula masizi.

Ukishapata mlima ulio sahihi, geuza mfuko usome nyuma. Jina la mti liko mbele kwa herufi kubwa, na habari kamili iko nyuma kwa herufi ndogo. Mfuko ulioandikwa hikori, mti mgumu wa huku Marekani, unaweza kuwa mwaloni kwa sehemu kubwa, na hikori ikawa imechanganywa tu. Mwaloni hauna ubaya, unawaka vizuri na joto lake halibabaiki, lakini nataka muuzaji aniambie. Kama wameandika asilimia 100 ya mti fulani, hewala. Kama wametaja mafuta ya kuongeza harufu, naurudisha rafuni. Sikuvuka bahari nije kufukiza mbuzi kwa marashi.

Kisha tumia mikono. Shika kona ya chini ya mfuko uiminye. Ukihisi unga laini kama wa wimbi umejaa hapo, uache, maana ni peleti zilizovunjika kwa kutupwatupwa ama zilizoanza kumomonyoka. Vumbi hilo huenda kujazana kwenye parafujo na kuuzima moto pole pole. Usichukue mifuko iliyopangwa nje mlangoni pa duka, hata ikiwa na punguzo. Mfuko wa peleti hauzuii maji kama unavyoonekana. Mingi ina vitundu vidogo vya kupumulia, na mvua ya jana imeshapita humo.

Ukifika nyumbani vunja moja kwa vidole. Nzuri ina ngozi yenye mng'ao kidogo na inakatika kwa mlio, kama biskuti kavu. Inayopinda kwanza, ama inayomomonyoka bila sauti, imekwisha kunywa unyevu. Halafu tupa chache kwenye glasi ya maji uwaonyeshe watoto: baada ya dakika chache glasi nzima ni uji wa vumbi la mbao. Mimi jaribio hilo naliweka kwa ajili ya wageni wabishi.

Sasa mti gani? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipokutana na kwetu.

Naendesha lori. Mara ya kwanza kupita njia ya kwenda Midland, magharibi ya Texas, nilipunguza mwendo nikashangaa. Pande zote mbili za barabara kulikuwa na mathenge. Miba ileile, majani yaleyale membamba, na maganda marefu ya njano yanayoning'inia. Wamarekani wanauita meskiti. Si mti uleule hasa, ni ndugu wa ukoo mmoja, ila ukiuona huna shaka. Kwetu Baringo mathenge uliletwa mapema miaka ya 1980 kuzuia jangwa, ukageuka kuwa jangwa lenyewe. Ulimeza malisho, na sukari ya maganda yake ikaozesha meno ya mbuzi, hadi wenzetu wakaenda mahakamani Nairobi na mbuzi kibogoyo kama kielelezo. Huku watu wanalipa dola kuununua ukiwa kwenye mfuko maridadi. Nilimpigia simu binamu yangu nikamweleza, akacheka mpaka salio likaisha.

Lakini kwa moshi, mti huu una haki yake. Aliyewahi kula nyama iliyochomwa kwa mkaa wa mathenge anajua. Peleti za meskiti zina moshi mkali, wa udongo, unaofaa nyama ya kuchomwa haraka kwa moto mkubwa: mbavu za mbuzi, nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba. Kwa kitu cha kukaa jikoni kwa muda wa saa nane nauogopa, unaleta uchungu. Hapo natumia mwaloni, ambao ndio mti wa wachomaji wa katikati ya Texas, ama mwaloni na hikori nusu kwa nusu. Kuku namchoma kwa cheri. Tilapia kwa mtofaa, maana samaki hataki kelele.

Niseme pia ambalo wauzaji hawalisemi. Peleti zinaungua safi mno, kwa hiyo tofauti ya ladha ni ndogo kuliko picha za kwenye mifuko. Siku moja nilimfunga shemeji kitambaa machoni nikamlisha vipande vinne vya kuku. Meskiti aliitambua. Hikori alibahatisha. Mtofaa na cheri alisema ni kuku mmoja. Kama pesa ni za shida, nunua mwaloni mzuri na usijutie. Ukitaka moshi zaidi, shusha joto: kwa nyuzi 225 za Kimarekani, yaani kama 107 za kwetu, moshi ni mwingi. Ukipandisha, unabaki na joto tu. Kwa moto huo mdogo hesabu ratili moja kwa saa, na ukipandisha sana zinaenda mbili ama zaidi. Mfuko mzima wa peleti nzuri unaacha majivu ya kikombe kimoja tu. Yakizidi sana hapo, ulinunua magamba.

Sasa lile la aibu. Tarehe 4 Julai 2024 nilichoma, nikaacha sanduku limejaa nusu, na mifuko mitatu nikaiegemeza ukutani barazani. Mkaa ungekaa hapo mwaka. Tarehe 8 kimbunga Beryl kikapiga. Upepo ulisukuma mvua hadi chini ya baraza, na umeme ukapotea Houston kwa mamilioni ya watu. Sisi tulikaa gizani siku sita kwenye joto ambalo hata ukuta ulitoa jasho. Jiko la peleti bila umeme ni kabati la chuma. Tulipikia kwenye jiko la mkaa la udongo nililobeba kutoka Kenya, lile ambalo mke wangu alikuwa ameniambia mara tatu nilitupe.

Umeme uliporudi tukaalika watu kushukuru. Paja la mbuzi lilikuwa limelala kwenye chumvi na ndimu tangu usiku. Nikabonyeza swichi. Parafujo ikaguna, ikazunguka robo, ikakwama. Nikafungua kifuniko cha sanduku nikakuta peleti za juu zimefumuka kama bisi. Za chini, ndani ya bomba la parafujo, zilikuwa zimelowa, zikavimba, kisha zikakauka na kuwa saruji. Nililala chini ya jiko na bisibisi na nyundo kwa muda wa saa tatu. Mzee mmoja wa Nakuru akaja na soda yake, akainama.

"Kijana, hilo jiko unalichoma ama unalizalisha?"

"Mzee, nipe dakika kumi tu."

"Basi wacha nikae. Mimi sina haraka, ila huyo mbuzi ameanza kuoza."

Paja lilimalizikia kwenye ovena.

Tangu siku hiyo hakuna mfuko unaolala nje. Nikifika nyumbani nazimwaga peleti kwenye ndoo za plastiki za lita 19, zile za kubebea rangi lakini mpya, zenye mfuniko wa kuzungusha na mpira wa kuzibia hewa. Mfuko wa kilo 9 unaingia wote na nafasi inabaki. Kabla ya kumwaga nazipitisha kwenye chekecheke kubwa ya waya kuondoa vumbi. Kila ndoo ina kipande cha utepe chenye jina la mti na tarehe, na ya zamani ndiyo inayofunguliwa kwanza. Ndoo zinakaa juu ya mbao, maana sakafu ya saruji hutoa unyevu na hutauona. Zinakaa mbali na mashine ya kufulia na mbali na kopo la petroli, kwa sababu peleti hunyonya harufu kama chai. Kama huna ndoo, acha mfuko umefungwa, uutie ndani ya pipa lenye mfuniko.

Sanduku la jiko lisiwe ghala. Nikijua sitachoma ndani ya siku mbili tatu, nalimwaga lote, kisha naacha parafujo izunguke hadi imalize zilizo ndani ya bomba. Kuzima nazima kwa utaratibu wa jiko lenyewe. Sing'oi waya ukutani, maana feni ikisimama ghafla moto unaweza kurudi nyuma kwenye bomba hadi kwenye sanduku. Majivu nayatoa kesho yake kikombe kikiwa baridi kabisa, na nayatia kwenye ndoo ya chuma.

Zile zilizoharibika na Beryl, kama kilo 20 hivi, nilizimwaga chini ya sukuma wiki zangu kuzuia magugu. Baada ya mvua mbili zilikuwa vumbi la mbao. Mama alipoziona bustanini aliniuliza tena habari za kuku.