Kiraka wa uwanja wa nje: kumwandaa mlinzi wa besiboli kuanzia Arusha au Moshi

Walinzi wa nje kwenye besiboli, wale wanaosimama mbali nyuma ya besi (vituo vya mkimbiaji), ni watatu, na kwenye karatasi ya matokeo wanaandikwa kwa namba: 7 ni wa kushoto, 8 wa kati, 9 wa kulia. Usizichanganye na namba za soka. Huku namba 9 hategemewi kufunga, anategemewa kudaka.

Ligi kuu ya Marekani, MLB, ina timu 30, na karibu kila moja ina mlinzi wa nje mmoja ambaye hakai. Mwaka huu yuko hapa, mwakani kwingine, katikati ya msimu anashushwa daraja, kisha anapandishwa tena. Ni kiraka, kwa maana ileile tunayoitumia kwenye soka: ukimweka kushoto anacheza, kati anacheza, kulia anacheza, na ukimwinua benchi mchezo ukiwa umebana hatetemeki. Matt Stairs wa Kanada alivaa jezi 13 tofauti namna hiyo, akaacha rekodi ya mipira 23 aliyoivusha ua baada ya kuingizwa kama mpigaji wa akiba. Rajai Davis alipita timu nane akiuza miguu yake: aliiba besi 415 (yaani alikimbilia besi ya mbele bila kungoja mwenzake apige), na katika mchezo wa saba wa fainali ya 2016 yeye ndiye aliyeivushia Cleveland mpira wa kusawazisha. Mmoja aliuza gongo (la kupigia, si lile la kunywa), mwingine mbio. Ukimfundisha kijana, mjengee namba zote tatu, kisha mtafutie kitu kimoja anachowazidi wenzake.

Kuupima uwanja wa mpira wa miguu

Uwanja wa besiboli hamtaupata, kwa hiyo pimeni ndani ya uwanja wa soka. Kona yake ina nyuzi 90, sawasawa na kona ya nyumbani, pale anaposimama mpigaji. Chagueni kona ambayo ukisimama kutazama katikati ya uwanja, ubavu mrefu unakuwa kushoto kwako. Wapigaji wengi hutumia mkono wa kulia na mipira yao mikali huelekea kushoto, kwa hiyo nafasi kubwa iwe huko.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaweka nyumbani kwenye kona yenyewe. Kutoka nyumbani hadi besi ya kwanza ni mita 27.43. Kwenye uwanja wa upana wa mita 68, mlingoti wa kwanza wa goli uko kama mita 30 kutoka kona. Maana yake mkimbiaji anayepita besi ya kwanza kwa kasi anakutana na chuma baada ya hatua mbili. Sogezeni nyumbani mita 6 kuelekea ndani kutoka mstari wa goli. Uwanja ukiwa na urefu wa mita 105, ubavu wa kushoto unabaki mita 99, na hiyo ndiyo futi 325 ambayo kanuni inaitaka kwa viwanja vya kulipwa vilivyojengwa baada ya Juni 1958. Upande wa kulia utakuwa mfupi, hakuna namna. Kubalianeni kabla ya mchezo kwamba mpira ukivuka pale ni besi mbili tu. Mlingoti uvisheni kipande cha godoro kuukuu na kamba, kwa sababu namba 9 atakuwa anapita karibu nao kila mara.

Vipimo vingine: besi ya pili iko mita 38.8 kutoka nyumbani, kibao cha mrushaji mita 18.44. Tumieni kamba ya manila iliyofungwa mafundo mara moja tu, muitunze. Kupima kwa hatua kila wiki kunazaa uwanja mpya kila wiki.

Jua nalo lipangiwe. Kanuni inapendekeza mpigaji atazame takriban mashariki, ili jua la jioni limpige mgongoni na liwaumize walinzi wa nje. Mkifanya mazoezi saa moja asubuhi, geuzeni: nyumbani kuwe kona ya mashariki. Kwa vyovyote jua apewe mlinzi wa nje. Yeye akipoteza mpira, timu inapoteza besi. Mpigaji akipofushwa, anapigwa kichwani.

Hewa ya Arusha si ya Moshi

Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Coors Field, uwanja wa Denver unaosifika kwa mipira kuruka mbali kuliko viwanja vyote vya MLB, uko karibu mita 1,580. Hewa ikiwa nyepesi haiushiki mpira, ndiyo maana Denver walijenga uwanja wa nje mpana kupita kawaida, na tangu 2002 huhifadhi mipira yao kwenye chumba chenye unyevu uliodhibitiwa. Moshi iko chini zaidi, mita mia nane na kitu, na mpira unarudi kwenye tabia ya kawaida.

Kwa hiyo timu ya Moshi ikipanda Arusha, walinzi wa nje waanze hatua nne au tano nyuma ya walipozoea. Timu ya Arusha ikishuka, wasogee mbele, vinginevyo mipira mifupi itadondoka mbele yao mchana kutwa. Mlinzi anayehamahama hufanya hesabu hii kila mji anaofika: anafika mapema, anaomba apigiwe mipira kumi ya juu, anaangalia inatua wapi. Kisha anatembea hadi ukingo wa uwanja akihesabu hatua, ili baadaye akikimbilia nyuma kuufuata mpira ajue amebakiwa na ngapi.

Juni na Julai kuna shida nyingine. Asubuhi ya Arusha inakuwa na wingu jeupe lililotulia, na mpira mweupe unapotelea humo. Kwa wanaoanza, pakeni mipira ya mazoezi rangi ya chungwa.

Glavu

Mtu wa mkono wa kulia anavaa glavu mkono wa kushoto. Inasemwa kila siku na bado kila anayeanza huivaa mkono anaoandikia, akidaka ndipo anagundua hana mkono wa kurushia. Ukiikuta kwenye mitumba pale Memorial, Moshi, angalia vitu vitatu kabla ya kuuliza bei. Kwanza, kidole gumba cha glavu kiko upande gani, maana za wanaotumia kushoto huachwa mwisho na huuzwa rahisi. Pili, urefu: ya mlinzi wa nje ni inchi 12 na nusu hadi 12 na robo tatu, na kanuni hairuhusu zaidi ya 13. Ya inchi 11 ni ya walinzi wa ndani. Tatu, kamba za ngozi. Zikikatika, fundi viatu anaweza kuzirudishia. Ngozi ya kiganja ikiwa imepasuka, achana nayo.

Kulainisha: mafuta ya mgando kijiko cha chai kimoja, yapakwe kwa kitambaa kwenye mikunjo na kamba tu. Mafuta ya kupikia huchacha na kuozesha ngozi. Kuianika juani huifanya ikakamae kama biskuti. Baada ya mazoezi iwekwe mpira ndani, ifungwe kamba, ikae kivulini.

Kudaka mpira wa juu

Kosa namba moja ni kurudi kinyumenyume. Mpira ukipanda juu ya kichwa chako, hatua ya kwanza ni ya mguu mmoja kurudi nyuma huku nyonga ikifunguka, kisha unakimbia kama mtu anayewahi daladala, uso umegeukia begani. Kukimbia kinyumenyume ni polepole, na mwisho wake ni kuanguka kwa kisogo.

Kosa la pili halionekani kirahisi. Mlinzi anakimbia kwa visigino, kichwa kinarukaruka, na macho yanaona mpira unacheza hewani. Anakwambia "mpira ulikuwa unayumba." Mpira haukuyumba. Mkimbize kwa vidole vya miguu na utaona unatulia.

Mgumu kuliko yote ni ule unaokuja moja kwa moja usoni, kwa sababu hauonyeshi upande. Ukisikia mlio mkavu wa gongo, usisogee mbele. Ganda nusu sekunde uusome. Hatua moja ya mbele iliyokosewa hairudishiki. Jua likiwa machoni, glavu inyanyuliwe ifunike jua lenyewe, nawe uutazame mpira pembeni ya glavu. Dakia juu ya bega la mkono wa kurushia, mikono miwili.

Anayeutaka aseme "Yangu!" mara tatu, kwa sauti ya kuuza mahindi ya kuchoma. Wakiita wawili, namba 8 ndiye mwenye amri na wengine wanapisha. Walinzi wawili kugongana kunamaliza msimu wa wote wawili.

Kwa siku piga mipira thelathini: kumi kushoto, kumi kulia, kumi ya nyuma. Wiki nzima asikae namba moja. Ukimzoesha namba 9 peke yake, umeshamkatia theluthi mbili ya ajira.

Kazi isiyoandikwa

Mpira wa chini kwenye uwanja wenye mashimo ya kwato za ng'ombe usikimbiliwe kwa mbwembwe. Kama hakuna mkimbiaji wa kumwahi, piga goti moja chini, mwili uwe ukuta. Ukimpita mlinzi wa nje, hakuna mtu nyuma yake.

Kila mpira unaporushwa besi ya kwanza, namba 9 anakimbia nyuma yake. Besi ya pili ni ya namba 8, ya tatu ni ya namba 7. Mara tisa kati ya kumi anakimbia bure. Makocha huitazama ile ya kumi, na wakati wa kuamua nani abaki kikosini huikumbuka.

Kurusha: vidole viwili vikatize mshono ili mpira uende moja kwa moja, ruka hatua moja kupata nguvu, lenga kifua cha mpokezi wa kati, yaani mwenzako anayesimama njiani kuupokea na kuupeleka mbele. Upite chini na kudunda mara moja, ni bora kuliko upinde mrefu unaopaa mpaka mkimbiaji ameshafika na kukaa. Anza mita 10, ongeza taratibu hadi 40, mirusho ya nguvu isizidi 25 kwa siku kwa kijana. Kiwiko kikianza kuuma upande wa ndani, anaacha siku hiyohiyo.

Ngazi na mkataba

Mtanzania asiyesoma Marekani hapiti kwenye mgao wao wa wachezaji, ambapo timu huchagua vijana kwa zamu. Anasajiliwa kama mchezaji wa kimataifa. Anaweza kusaini akiwa na miaka 16, mradi atimize 17 kabla ya Septemba 1 ya msimu wake wa kwanza. Dirisha hufunguliwa Januari 15 na kufungwa Desemba 15. Kisha anapanda: daraja la wanaoanza, A ya chini, A ya juu, AA, AAA. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliyecheza ndani na si nje, alisaini na Pittsburgh mwaka 2008, akaingia MLB Aprili 26, 2017, wa kwanza kutoka bara hili. Miaka minane na ushee ya mabasi, na huyo ndiye aliyefika.

Kanuni tatu za kiraka. Akiwa kwenye orodha ya watu 40, yaani wachezaji ambao timu inaweza kuwatumia MLB, timu inaweza kumshusha na kumpandisha katika misimu mitatu. Mwaka unahesabiwa akikaa chini siku 20 au zaidi, na tangu 2022 hashushwi zaidi ya mara tano kwa msimu. Misimu hiyo ikiisha, hawezi kushushwa bila timu nyingine kupewa nafasi ya kumchukua, na hapo ndipo uhamaji unapoanza. Akiondolewa kwenye orodha, timu ina siku saba za kumuuza, kumwacha achukuliwe, au kumwachia. Akipelekwa chini nje ya orodha kwa mara ya pili, ana haki ya kukataa na kuwa huru.

Hesabu za pesa ndizo zinazoeleza kwa nini anavumilia. Mwaka 2025 mshahara wa chini MLB ulikuwa dola 760,000, unaolipwa kwa siku, yaani zaidi ya dola 4,000 kila siku aliyo juu. AAA, kwa aliye nje ya orodha, kiwango cha chini kilichowekwa 2023 kilikuwa dola 35,800 kwa mwaka mzima. Siku 43 juu zinampa haki ya pensheni, siku 172 ni mwaka kamili. Milango ikifunga, kuna Japani, Korea Kusini, Taiwan na Meksiko.

Karatasi zianze sasa. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, pasipoti na vyeti vya shule viwe na jina na tarehe moja, herufi kwa herufi. MLB huchunguza umri kwa makini, na "Emanuel" hapa, "Emmanuel" pale inatosha kuchelewesha mkataba. Wakala anayemwakilisha mchezaji wa MLB lazima awe na kibali cha chama cha wachezaji. Anayeomba hela ya "majaribio" kwa M-Pesa hana kibali cha mtu yeyote.

Video ya kutuma isizidi dakika mbili, simu ikiwa imelazwa na kuegemezwa, si kushikwa. Weka mbio za yadi 60, yaani mita 54.86, saa ikionekana (sekunde 6.7 hadi 6.9 ni wastani unaokubalika), mirusho mitano kutoka namba 9 kwenda besi ya tatu, mipira mitano ya juu akikimbilia nyuma, na mapigo kumi yakipigwa picha kutoka ubavuni. Usiweke muziki. Wanataka kusikia gongo.