Reli ya Kuingia Chini ya Kitanda: Jinsi ya Kuchagua Skeli Ndogo

Chumba changu cha Umoja, Nairobi, kina futi kumi kwa kumi na mbili. Ndani mna kitanda, kabati, jiko la gesi, mke na reli. Reli ndiyo iliyoingia mwisho, kwa hiyo ndiyo iliyolazimika kujibana.

Ukitaka kuanza mchezo huu wa treni ndogo, usianze na treni. Chukua chaki, uzi na msumari. Pima uzi wa sentimita 36, shikilia msumari katikati ya sakafu, zungusha chaki. Hiyo ni kona ya kawaida ya skeli ya HO, yaani 1:87 (treni halisi imepunguzwa mara 87), ambayo ndiyo watu wengi duniani huanza nayo. Mduara wangu ulipita chini ya kabati ukatokea mlangoni. Nikafupisha uzi hadi sentimita 25, kona inayotosha skeli ya N. Ukakaa kati ya kitanda na kabati, na nafasi ya kupitisha mguu ikabaki. Siku hiyo hiyo nilikwenda Gikomba nikakatiwa plaiwudi ya futi nne kwa mbili, ambayo ni robo ya shiti nzima. Usiku inalala chini ya kitanda.

N ni 1:160, na upana kati ya reli zake ni milimita 9. Chini yake kuna Z, 1:220, milimita 6.5, ambayo Märklin wa Ujerumani waliileta mwaka 1972. Chini zaidi kuna T, 1:450, yenye reli za milimita 3. Behewa la mita 20 kwenye T halifiki sentimita 5. Nilimwonyesha mke wangu video yake akasema, "Hiyo si treni, ni siafu kwa foleni." Mimi natengeneza simu Luthuli Avenue, vitu vidogo havinitishi, lakini hapo nilikubaliana naye.

Watu hudhani tunachagua skeli ndogo kwa sababu ya vyumba vya kupanga. Ni kweli, ila si kweli yote. Nina binamu mwenye sebule kubwa kule Kitengela na bado ningemshauri achukue N. Treni ni kitu kirefu. Chukua mabehewa matano ya mita 25 kila moja: kwenye HO yanakaribia mita moja na nusu, yanatoka nje ya ubao wangu kabla hata hujaunganisha injini. Kwenye N ni sentimita 78. Hapo inabaki nafasi ya kilima, migunga miwili mitatu, paa la mabati, na kipande cha ardhi kitupu ambacho treni inakipita bila kusimama. Bila hicho kipande kitupu, unachotazama ni stesheni tu.

Sasa jambo lililonifanya nisilale. Reli yetu ya zamani, ile iliyofika Nairobi mwaka 1899, ina upana wa mita moja. SGR, ile reli mpya, ni milimita 1,435. Zidisha 9 kwa 160: unapata 1,440, karibu SGR kamili. Halafu chukua reli ya Z, zile milimita 6.5, uzidishe kwa 160. Inatoka 1,040. Maana yake ukiweka mabehewa ya ukubwa wa N juu ya reli ya Z, una reli ya Mombasa hadi Kisumu, imezidi kidogo tu. Wenye fani wanauita mpango huo Nn3. Ukipenda SGR nunua N ya kawaida, ukipenda ya babu zako changanya hizo mbili, lakini jua kwamba mabehewa ya kwetu utayatengeneza kwa mkono. Mimi nimeanza na milimita 9.

Umeme ni mfupi kueleza. N hutumia volti 12 za DC, yaani umeme wa mkondo mmoja kama wa betri. Ukiletewa kidhibiti cha mwendo wa treni kutoka Japani, soma nyuma yake kwanza: kimeandikwa volti 100, na stima yetu ni 240. Usikichomeke. Lehemu waya mbili za kupeleka umeme pande mbili za mduara, la sivyo treni itachoka upande wa mbali.

Vumbi ndilo adui. Kichwa cha treni cha N ni chepesi sana hata hakiwezi kulikandamiza vumbi la reli, kwa hiyo kinasimama, unakisukuma kwa kidole, kinaenda kidogo, kinasimama tena. Januari yangu ya kwanza kwenye mchezo huu nilichukua waya ya kusugulia sufuria nikasugua reli zikameremeta. Dakika tano baadaye injini ilianza kunuka. Nyuzi za chuma, nyembamba kuliko nywele, zilikuwa zimevutwa na sumaku ya mota. Nilizitoa moja moja kwa kibano chini ya lenzi, kazi ya jioni mbili, na mota haikurudi. Tumia kitambaa cha pamba na spiriti ya isopropili, ile ile tunayosafishia bodi za simu. Ukimaliza kucheza, funika ubao kwa leso.

Jambo la mwisho: usigundishe nyumba wala nguzo kabla hujapitisha gari refu kuliko yote unayotarajia kumiliki. Langu ni Garratt 5918, Mount Gelai, injini kubwa ya mvuke iliyopo Makumbusho ya Reli hapa mjini. Urefu wake unakaribia mita 32, yaani sentimita 20 kwenye N. Sina. Nilikata boksi la simu kwa urefu huo, nikalipaka rangi ya maruni, nikalibandika juu ya behewa bapa, najua reli si yake, nikalisukuma taratibu kwenye kona. Kichwa kilitokeza nje kikaangusha nguzo ya taa niliyotengeneza kwa kijiti cha masikio.

Nguzo nimeihamisha.