Jinsi ya Kuanzisha Blogu ya Darasa Inayowapa Wanafunzi Wasomaji wa Kweli

Mwanafunzi wa kidato cha pili anayejua kuwa insha yake itasomwa na mtu mmoja tu, tena mwenye kalamu nyekundu mkononi, huandika kwa lengo la kuimaliza. Mwongozo huu ni kwa walimu wa Kiswahili na walezi wa klabu za uandishi, hasa wa shule zetu za Mtwara na Lindi, wanaotaka kuibadilisha hali hiyo kwa blogu ya darasa na zana chache za bure. Mimi nafundisha Kiswahili wilayani Masasi na ni mlezi wa klabu ya waandishi. Vifaa vyetu ni kompyuta mpakato moja, simu yangu na bando ninalonunua mwenyewe. Nayasema haya mapema kwa sababu mwalimu akisikia habari za blogu huwaza chumba kizima cha kompyuta, kumbe kazi kubwa iko katika kuwapata wasomaji.

Hatua ya 1: Tafuta wasomaji kabla ya kufungua chochote

Blogu isiyo na msomaji humkatisha mtoto tamaa kuliko daftari lisilosahihishwa, maana ameahidiwa dunia nzima na hakuna aliyemjibu. Kwa hiyo, wiki za mwanzo usiguse kompyuta. Mtafute mwalimu mwenzako wa shule nyingine, ikiwezekana ya mkoa usiofanana na wetu kwa mazao, vyakula na hali ya hewa, mkubaliane kuwa wanafunzi wake watawasoma wako na wako watawasoma wake. Walimu wengi mliosoma nao chuoni wametawanyika nchi nzima, na namba zao unazo. Ongeza wahitimu wawili watatu wa shule yako walioko vyuo vikuu, pamoja na mzazi mmoja anayependa kusoma. Wasomaji kumi wanaojibu wanatosha kabisa kuanzia.

Mweleze kila mmoja wao jambo moja bila kuzungukazunguka: kazi yake ni kusoma na kuuliza, wala si kutoa alama.

Hatua ya 2: Pata ruhusa za shule, za wazazi na za kisheria

Mkuu wa shule atauliza jambo hili lina faida gani kwa mtihani wa taifa. Ni swali la haki, na jibu lake ni kwamba insha imo katika mitihani ya Kiswahili ya NECTA, na mwanafunzi aliyezoea kuandika upya hupata muda mwingi wa mazoezi ambao vipindi vya kawaida havimpi. Mweleze pia kuwa wanafunzi hawatashika simu shuleni. Kila kitakachoingia mtandaoni kitaingizwa na mlezi, au na wanafunzi wakitumia kompyuta ya klabu mbele yake.

Upande wa sheria usiupuuze. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilitolewa mwaka 2018, zikafuatwa na nyingine mwaka 2020, na hizo zikafanyiwa marekebisho mwaka 2022. Kanuni hizo zimeweka masharti ya leseni kwa aina fulani za watoa maudhui, hivyo shule inayofikiria kuiweka blogu wazi kwa umma iandike kwanza barua kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, kupitia kwa mkuu wa shule, na isubiri jibu la maandishi. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatutaka tuwe waangalifu na taarifa za watoto. Kwa sababu hizo mbili, mwongozo huu unahusu blogu iliyofungwa, inayosomwa na walioalikwa tu, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo inayofaa kwa umri huu hata pasipo sheria yoyote.

Kwa wazazi, andika barua fupi ya Kiswahili chepesi. Sentensi ya msingi inaweza kuwa hivi: «Mwanangu atatumia jina la kalamu, jina lake kamili, picha yake na mahali anapoishi havitawekwa mtandaoni, na nikitaka kazi yake iondolewe itaondolewa bila kuulizwa sababu.» Acha nafasi ya sahihi. Kwa mzazi asiyesoma, msomee barua hiyo siku ya kikao cha wazazi, mbele ya mtoto wake.

Hatua ya 3: Fungua blogu na ufunge milango yake

Natumia Blogger, huduma ya bure iliyoanzishwa mwaka 1999 na kununuliwa na Google mwaka 2003. WordPress ina mapambo zaidi, lakini mapambo hayo humla mlezi muda. Fungua akaunti ya barua pepe ya klabu, iliyo tofauti na yako binafsi, na nywila yake uiandike katika bahasha itakayotunzwa ofisini kwa mkuu wa shule. Wanafunzi hawahitaji akaunti zao wenyewe, na wale walio chini ya miaka 13 kwa kawaida hawaruhusiwi kujifungulia akaunti ya Google.

Ukishaifungua blogu, ingia kwenye mipangilio na ubadilishe mambo matatu kabla ya kuandika hata neno moja. La kwanza ni ruhusa ya kusoma: chagua wasomaji maalumu, kisha uwaalike kwa anwani zao za barua pepe. La pili ni kuzima uwezo wa mitambo ya utafutaji kuionyesha blogu hiyo. La tatu ni maoni, ambayo yote yapitie kwako kwanza kabla ya kuonekana. Rangi na mandhari chagua yoyote isomekayo vizuri kwenye simu, na usirudi tena huko.

Hatua ya 4: Chagua mada ambazo msomaji wa mbali hawezi kuzijua

Mada kama «Faida za elimu» zinazaa insha zilezile toka Kagera hadi Ruvuma, na hakuna mgeni atakayekuwa na swali la kuuliza. Sisi wa Kusini tuna utajiri ambao wenzetu hawaujui. Mwanafunzi wa Newala aeleze jinsi nyumbani kwao wanavyovuna maji ya mvua. Wa Mikindani aeleze wavuvi wanaporudi. Wa Nanyumbu aandike kuhusu mto Ruvuma, na yeyote yule aliyewahi kuchimba ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa, aeleze namna ya kuutambua mmea wake porini, kazi ambayo hata watu wazima wengi hawaiwezi.

Mada za kubishania nazo zinafaa, mradi zitoke kwetu. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru mkoani Lindi wakaipeleka Berlin, na huko mifupa ya mnyama mkubwa kuliko wote waliochimbwa kilimani hapo imesimamishwa katika jumba la makumbusho hadi leo. Je, irudishwe? Swali hili huligawa darasa mara moja, na shule rafiki ikijibu kutoka upande wa pili hutahitaji kumsukuma mtu kuandika.

Hatua ya 5: Rasimu kwa mkono, kisha kuchapa

Rasimu ya kwanza iandikwe darasani, kwa kalamu, katika daftari. Sababu mojawapo ni umeme wetu. Nyingine ni kwamba mwalimu aliyeuona mwandiko na yale maneno yaliyokatwakatwa hana haja ya kujiuliza kama insha imetungwa na programu ya akili mnemba nyumbani kwa kaka.

Kisha mwanafunzi ajisomee rasimu yake kwa sauti. Kwa simu ya mlezi iliyo na kibodi ya Google, mlezi akiishika, anaweza pia kuisoma kwa kipaza sauti na kuona maneno yakijiandika, kwani Kiswahili kimo katika lugha ambazo huduma hiyo inazitambua tangu mwaka 2017. Sipendi kuitumia njia hii kwa insha nzima. Naitumia kwa aya moja tu, ile ambayo mwanafunzi mwenyewe anahisi imelegea, kwa kuwa sentensi inayomkata pumzi msomaji hujulikana papo hapo.

Uchapaji ufanywe na mwanafunzi mwenyewe, hata kama anachapa kwa kidole kimoja. Wapo walezi wanaopiga picha ya daftari na kuiachia simu ikanakili mwandiko. Hilo linaokoa muda, lakini linamnyima mtoto nafasi nzuri ya kuhariri, maana anapochapa hukutana na kila neno lake upya. Kabla hajaanza, zima kikagua tahajia kilichowekwa kwa Kiingereza, kwa sababu kitapiga mstari mwekundu chini ya karibu kila neno la Kiswahili na mtoto atadhani amekosea yote. Uchapaji hauhitaji intaneti. Hifadhi mafaili, kisha uyapandishe kwa mkupuo mmoja ukiwa mahali penye mtandao mzuri. Maandishi matupu hula bando dogo mno, na kinacholimaliza ni picha.

Hatua ya 6: Fundisha kutoa maoni kama unavyofundisha insha yenyewe

Hapa ndipo blogu nyingi za shule zinapofia. Maoni ya «Hongera sana, kazi nzuri» yakijaa ukurasa mzima, mwandishi hufurahi siku ya kwanza, na siku ya pili hana la kufanya nayo. Katika klabu yetu hatupitishi maoni yasiyotaja neno au sentensi fulani ya mwandishi na yasiyo na swali walau moja. Sharti hilo linamhusu kila mtu, wakiwemo walimu.

Nitatoa mfano. Mwanafunzi wetu aliandika kuhusu msimu wa korosho na kuanza hivi: «Korosho ni zao muhimu sana la biashara. Zao hili huliingizia taifa letu fedha nyingi za kigeni.» Hakuna kosa la sarufi hapo, na kwa kalamu nyekundu angepata alama za kutosha. Kutoka shule rafiki ya Kanda ya Ziwa likaja swali: «Sijawahi kuuona mkorosho. Korosho inakaa wapi kwenye tunda, ndani au nje?» Klabu nzima ilicheka, kisha ikanyamaza, kwani hakuna aliyewahi kufikiri kuwa yuko Mtanzania asiyelijua jambo hilo. Mwandishi akaomba daftari lake na kuandika upya:

«Bibo likiiva huanguka lenyewe, na asubuhi tunaliokota likiwa na umande. Korosho haimo ndani. Inaning'inia nje, mwishoni mwa bibo, imepinda kama figo. Bibi hataki tuivute. Anataka tuizungushe mpaka iachie, ili nyama ya bibo isibaki kwenye korosho ikaja kuoza ghalani.»

Sikumwambia aweke maelezo ya kina, ingawa kwa miaka mingi nimekuwa nikiyaandika maneno hayo pembezoni mwa madaftari. Swali la mtu asiyejua lilifanya kazi hiyo.

Kiutendaji, shule rafiki huchapisha insha kwenye karatasi au mwalimu huzisoma darasani, wanafunzi huandika maoni yao kwenye vipande vya karatasi, na mwalimu huyachapa kwa majina ya kalamu. Ni mzunguko wa polepole, wala hauna ubaya, kwa kuwa siku chache za kusubiri jibu humfanya mwandishi aulizie kila asubuhi kama limefika. Maoni ya kejeli, ya kumcheka mtu kwa lafudhi au kabila lake, yafutwe kabla ya kuonekana, na mwalimu wa upande ule aarifiwe.

Toleo la kwanza usilifute. Liache chini ya toleo jipya ili wanafunzi wengine waone safari iliyopitiwa.

Hatua ya 7: Weka ratiba inayovumilia mtandao kukatika

Panga zamu ili kila wiki zitoke insha chache, si darasa zima kwa pamoja. Wasomaji wako kumi hawataweza kujibu insha arobaini, na insha isiyojibiwa ndiyo hasara tunayoikimbia. Anayekosa zamu ya kuchapishwa wiki hii awe katika zamu ya kutoa maoni.

Uwe pia na ubao wa karatasi ukutani wenye kila kilichomo kwenye blogu, pamoja na maoni yake. Mwezi Mei 2024, takriban wiki moja baada ya Kimbunga Hidaya, nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari zilipata hitilafu na nchi nzima ikasumbuka kwa siku kadhaa. Klabu yenye ubao haisimami kwa sababu hiyo. Ubao unawafikia pia wazazi wasio na barua pepe, wanaokuja shuleni kulipa michango na kukuta jina la kalamu ambalo mtoto amekwisha kuwanong'oneza ni lake.

Wanaotaka kwenda mbele zaidi waelekeze kwenye mashindano ya insha ya SADC na ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa shule za sekondari. Wanaopenda kuwaandikia wadogo zao wataifurahia tovuti ya African Storybook, ambayo ina hadithi za picha katika Kiswahili na inaruhusu mtu kutunga yake kwa kutumia michoro iliyomo humo.

Hatua ya 8: Hifadhi kazi na uandae makabidhiano

Kila mwisho wa muhula pakua nakala ya blogu nzima kupitia sehemu ya mipangilio inayohusu kuhifadhi maudhui, na uiweke kwenye diski mweko mbili, moja ofisini na nyingine kwako. Insha bora zichapwe kijitabu kimoja kwa ajili ya maktaba. Wanafunzi wa kidato cha nne wanapohitimu, waulize mmoja mmoja kama wanataka kazi zao zibaki, ziondolewe au zibaki kwa jina halisi. Wengi huchagua la mwisho, lakini aliye chini ya miaka 18 arudi na sahihi ya mzazi.

Walimu tunahamishwa, na blogu nyingi hufa siku barua ya uhamisho inapofika. Kwa hiyo, mwongeze mapema mwalimu wa pili kama msimamizi wa blogu, umfundishe kuidhinisha maoni akiwa peke yake, na umkabidhi orodha ya wasomaji pamoja na namba zao za simu, kwa kuwa hiyo ndiyo sehemu ya blogu asiyoweza kuipata popote kwenye kompyuta.